Thomas Harriot: Mwasisi wa alama za kubwa na ndogo ambaye hakuuona umaarufu wake

ALAMA mbili za hisabati, > na <, hutumiwa kila siku na mamilioni ya watu, kuanzia mtoto wa shule ya msingi anayejifunza kulinganisha namba hadi mtaalamu anayeandika programu za kompyuta. Hata hivyo, ni wachache mno wanaomfahamu mtu ambaye jina lake limefungamana na alama hizo.

Mtu huyo ni Thomas Harriot, mwanahisabati wa Uingereza aliyefariki mwaka wa 1621. Alama hizo zilichapishwa miaka kumi baada ya kifo chake, katika kitabu ambacho hakubahatika kukitia machoni. Katika uhai wake wote alitoa kijitabu kimoja tu, nacho hakikuhusu hisabati.

Maisha ya Harriot ni kisa cha msomi aliyewatangulia wengi katika ugunduzi, lakini akatanguliwa na wengi katika kuutangaza. Lau si marafiki waliozifukua karatasi zake, huenda hata hizo alama mbili zisingekuwa na jina lake.

Kutoka Oxford hadi Roanoke

Harriot alizaliwa karibu na mwaka wa 1560 katika jimbo la Oxfordshire. Haijulikani mengi kuhusu wazazi wake, ila kumbukumbu za Chuo Kikuu cha Oxford zinaonyesha kwamba alisajiliwa huko Desemba 1577 akiwa na umri wa miaka 17, na kwamba babake alikuwa mtu wa kawaida, asiye na cheo wala ukabaila. Alipata shahada yake mwaka wa 1580.

Enzi hizo, kijana asiye na mali aliyetaka kuishi kwa elimu yake hakuwa na budi kumtafuta mfadhili. Harriot alimpata Walter Raleigh, mmoja wa vipenzi wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, ambaye alikuwa na ndoto ya kuanzisha makazi ya Waingereza ng'ambo ya bahari ya Atlantiki.

Kazi ya Harriot katika jumba la Raleigh jijini London ilikuwa kuwafunza manahodha namna ya kujua mahali walipo baharini kwa kupima jua na nyota. Mabaharia wengi wa wakati huo walitegemea mazoea na kubahatisha, na kosa dogo la hesabu lingeweza kuipeleka merikebu mwambani.

Mwaka wa 1584 jahazi za Raleigh zilirejea kutoka pwani ya Amerika ya Kaskazini zikiwa na wenyeji wawili, Manteo na Wanchese, waliozungumza mojawapo ya lugha za jamii ya Algonquian. Harriot alijifunza lugha yao na hata akabuni herufi maalumu za kuiandika, kwa kuwa aliona kuwa herufi za Kiingereza hazikutosha kubeba sauti zake.

Hapo ndipo tabia yake ilipojidhihirisha kwa mara ya kwanza. Alipokosa alama inayofaa kwa jambo alilotaka kulieleza, hakulilazimisha liingie katika alama za zamani. Aliitengeneza mpya.

Mwaka uliofuata, 1585, alisafiri na msafara wa Sir Richard Grenville hadi kisiwa cha Roanoke, mahali ambapo leo ni sehemu ya jimbo la North Carolina nchini Marekani. Akishirikiana na mchoraji John White, alichunguza ardhi, mimea, wanyama na maisha ya wenyeji kwa muda wa takriban mwaka mmoja.

Makazi hayo hayakudumu. Chakula kilipungua, uhasama kati ya wageni na wenyeji ukazidi, na chifu wa eneo hilo akauawa na Waingereza. Juni 1586 walowezi waliabiri merikebu za Sir Francis Drake kurejea kwao. Katika pilkapilka za kuondoka huku dhoruba ikivuma, mabaharia walitupa baharini vitabu, ramani na maandishi mengi ili kupunguza mzigo.

Kijitabu cha Harriot kuhusu nchi hiyo, iliyoitwa Virginia wakati huo, kilichapishwa mwaka wa 1588. Miaka miwili baadaye kilitolewa tena kwa lugha nne pamoja na michoro iliyotokana na kazi ya White, kikasomwa kote Ulaya. Ingawa kiliandikwa ili kuwavutia walowezi zaidi, mwandishi hakuficha kwamba baadhi ya wenzake waliwaua wenyeji kwa makosa ambayo yangeweza kuvumiliwa. Aidha, alieleza jinsi maradhi yalivyowafyeka wenyeji baada ya Waingereza kupita katika vijiji vyao.

Kijitabu hicho ndicho cha pekee alichokichapisha.

Wafadhili wawili gerezani

Kuanzia miaka ya 1590 Harriot alipata mfadhili wa pili, Henry Percy, Kabaila wa Northumberland, tajiri aliyependa sayansi kiasi cha kupewa lakabu ya mchawi. Percy alimpa posho ya kila mwaka na nyumba katika eneo la Syon, kando ya mto Thames, magharibi mwa London. Huko Harriot alikuwa na kila alichohitaji: muda, vyombo na utulivu.

Lakini mti mkuu ukianguka, wana wa ndege huyumba. Malkia Elizabeth alipoaga dunia mwaka wa 1603 na Mfalme James wa Kwanza akatawazwa, Raleigh alishtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifo, kisha akafungwa katika Mnara wa London. Katika kesi hiyo Harriot mwenyewe alitajwa kama mtu asiyemwamini Mungu, tuhuma ambayo ingeweza kumgharimu maisha yake.

Miaka miwili baadaye, Novemba 1605, iligunduliwa njama ya kulilipua Bunge la Uingereza kwa baruti. Mmoja wa wala njama alikuwa jamaa ya Percy, na siku moja kabla ya njama kufichuka alikuwa amekula chakula naye. Percy alitupwa katika Mnara wa London, akakaa humo hadi mwaka wa 1621. Harriot naye alitiwa korokoroni kwa muda na makazi yake yakapekuliwa, ijapokuwa hakupatikana na hatia.

Yamkini mapigo hayo yanaeleza kwa sehemu ukimya wake. Mtu ambaye wafadhili wake wawili wamo gerezani, naye mwenyewe ananyooshewa kidole cha ukafiri, hana sababu nyingi za kulitangaza jina lake kwa kuchapisha fikra mpya kuhusu mbingu na ardhi. Sababu nyingine ni tabia yake ya kutotosheka: kila alipomaliza jambo aliliona bado lina kasoro, akalitia kando na kuanza jingine.

Ugunduzi uliofungiwa sandukuni

Orodha ya mambo aliyoyagundua bila kuyatangaza inastaajabisha. Karibu na mwaka wa 1602 alikuwa tayari ameipata kanuni inayoeleza jinsi nuru inavyopinda inapotoka hewani na kuingia majini au katika kioo. Kanuni hiyo leo inaitwa kwa jina la Mholanzi Willebrord Snell, aliyeifikia mwaka wa 1621.

Mnajimu mashuhuri wa Ujerumani, Johannes Kepler, alimwandikia kumwuliza kuhusu jambo hilo hilo. Harriot alimpelekea vipimo kadhaa, lakini kanuni yenyewe hakuitoa.

Kadhalika, alichunguza swali la namna bora ya kupanga tufe za mizinga ili zisichukue nafasi kubwa. Barua zake na Kepler zilizaa dai ambalo Kepler alilichapisha mwaka wa 1611, kwamba hakuna mpango unaoshinda ule wa wauza machungwa wanaopanga matunda yao kwa umbo la piramidi. Wanahisabati walilihangaikia dai hilo kwa karibu miaka 400 kabla ya Thomas Hales kutangaza uthibitisho wake mwaka wa 1998.

Julai 26, 1609, kwa kalenda ya Uingereza ya wakati huo, Harriot aliuelekeza mwezini chombo kilichokuwa kipya kabisa, darubini, akauchora. Galileo Galilei wa Italia alianza kuuchunguza mwezi kwa darubini miezi michache baadaye. Tofauti ni kwamba Galileo alichapisha kitabu chake Machi 1610, dunia nzima ikamjua, ilhali mchoro wa Harriot ulibaki miongoni mwa karatasi zake.

Kuanzia Desemba 1610 hadi mapema 1613 alichora madoa ya jua karibu mara 200.

Marafiki walimwonya. Sir William Lower, aliyeishi Wales na kutumia darubini aliyopewa na Harriot, alimwandikia mwaka wa 1610 akimlaumu kwa kuwaacha wengine wajitwalie sifa za mambo aliyoyapata yeye kwanza, yakiwemo yale ya aljebra. Harriot hakubadilika.

Lugha mpya ya hisabati

Uwanja aliouvalia njuga zaidi ni aljebra. Wakati huo milinganyo mingi iliandikwa kwa maneno. Aliyetaka kusema kwamba kiasi fulani kinazidi kingine aliandika sentensi nzima ya Kilatini, na hesabu ndefu ilijaza kurasa kama insha. Msomaji alipotea katika maneno kabla ya kuifikia hoja.

Alama ya usawa, =, ilikuwa imekwisha kubuniwa. Robert Recorde aliichapisha mwaka wa 1557, akichagua mistari miwili iliyo sambamba na yenye urefu mmoja kwa kuwa hakuna vitu viwili vilivyo sawa zaidi ya hiyo. Hata hivyo, haikushika upesi. Ilipita miongo kadhaa kabla ya kuonekana tena vitabuni.

Harriot aliipokea alama hiyo, akaona pengo. Ikiwa vitu viwili vinaweza kuandikwa kuwa ni sawa, pawepo pia njia fupi ya kuandika kwamba havilingani, na kipi kinakizidi kipi. Alitumia alama zenye ncha upande mmoja na uwazi upande wa pili.

Mantiki yake inaonekana kwa macho. Katika alama ya usawa, mistari miwili ina nafasi ile ile mwanzo hadi mwisho. Katika alama ya >, mistari hiyo imeachana upande wa kushoto na kukutana upande wa kulia. Penye uwazi ndipo penye kiasi kikubwa, na penye ncha ndipo penye kiasi kidogo. Hivyo 7 > 4 husomwa saba ni kubwa kuliko nne, na 4 < 7 husomwa nne ni ndogo kuliko saba. Sentensi hizo mbili zinaeleza ukweli mmoja. Kilichogeuka ni upande wa kuanzia kusoma.

Ndiyo maana walimu wengi huwaambia watoto kwamba alama hiyo ni mdomo wa mamba, na kwamba mamba huyo mlafi hupanua kinywa kuelekea penye kingi. Mwanafunzi akilishika hilo, hawezi kuchanganyikiwa, mradi asome kutoka kushoto kwenda kulia.

Ugumu huanza katika namba hasi. Wengi hudhani kwamba -8 ni kubwa kuliko -3 kwa sababu 8 ni kubwa kuliko 3. Lakini mwenye deni la Sh8,000 ana hali duni kuliko mwenye deni la Sh3,000, kwa hivyo -8 < -3. Kwa sababu iyo hiyo, pande zote mbili zikizidishwa kwa namba hasi, alama hugeuka: 2 < 5, lakini -2 > -5. Kanuni hii ndogo ndiyo huwapotezea watahiniwa wengi alama katika mitihani.

Harriot hakuzihitaji alama zake kwa mambo mepesi ya kulinganisha namba mbili. Alizitumia kuchunguza milinganyo, ili ajue mlinganyo fulani una majibu mangapi hata kabla ya kuyatafuta. Mathalan, kiasi kikigawanywa katika sehemu mbili zisizolingana, zao la sehemu hizo daima ni dogo kuliko mraba wa nusu ya kiasi chote. Chukua 10 uigawe kuwa 6 na 4: zao lake ni 24, ilhali nusu ya 10 ni 5 na mraba wake ni 25. Kwa hivyo 24 < 25. Ukiigawa kuwa 9 na 1, pengo linakuwa kubwa zaidi, 9 < 25.

Hoja ambayo ingechukua aya nzima sasa ilitoshea katika mstari mmoja, na msomaji wa lugha yoyote angeielewa.

Kuna wanaodai kwamba wazo la alama hizo lilitokana na chale alizoziona kwenye miili ya wenyeji wa Roanoke. Hayo ni makisio tu. Dhana iliyo karibu zaidi ni kwamba alizichonga kutokana na alama ya usawa ya Recorde.

Wosia wa mwanachuoni

Oktoba 29, 1618, Raleigh alikatwa kichwa jijini London baada ya miaka mingi ya kifungo na safari moja iliyoshindwa ya kutafuta dhahabu huko Amerika ya Kusini. Harriot, aliyekuwa rafiki yake kwa zaidi ya miaka 30, aliandika muhtasari wa maneno ya mwisho ya bwana wake.

Yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa. Alikuwa na saratani puani, ambayo wengi wanaihusisha na tumbaku. Alijifunza kuivuta Roanoke na katika kijitabu chake aliisifu kuwa dawa ya mwili.

Siku chache kabla ya kifo chake, Harriot aliandika wosia. Aliomba rafiki yake Nathaniel Torporley, kasisi na mwanahisabati, azipange karatasi zake za hesabu na kutoa zile zinazofaa kuchapishwa. Alifariki Julai 2, 1621 katika nyumba ya Thomas Buckner, mfanyabiashara wa vitambaa aliyekuwa pamoja naye Roanoke. Mwezi huo huo Percy aliachiliwa kutoka Mnara wa London.

Kazi ya kuzipanga karatasi hizo haikuwa rahisi. Zilikuwa maelfu, nyingine hazina tarehe wala maelezo, kwa kuwa aliyeziandika alijiandikia mwenyewe. Hatimaye ni Walter Warner, msomi mwingine aliyefadhiliwa na Percy, aliyekamilisha kitabu. Kilichapishwa London mwaka wa 1631 kwa Kilatini kwa jina la Artis Analyticae Praxis, yaani matumizi ya sanaa ya uchanganuzi.

Humo ndimo alama za > na < zilipoonekana kitabuni kwa mara ya kwanza. Hata hivyo, umbo lake halikuwa lile lile alilolichora Harriot kwa mkono wake, wahariri walilirahisisha. Hivyo basi, alama wanazozijua watu leo ni zao la mwenye wazo na la waliolitoa gizani.

Wahariri hao hawakukosa lawama. Waliacha nje sehemu muhimu za aljebra yake, yakiwemo majibu hasi ya milinganyo ambayo yeye hakuyaogopa. Torporley alikasirika na kuandika masahihisho makali. Lakini kitabu kilikuwa kimekwisha kutoka, na kwa kasoro zake zote kilifanya jambo ambalo karatasi kamili zilizofungiwa zisingeweza kulifanya.

Mwaka huo huo wa 1631, William Oughtred naye alichapisha kitabu chenye alama zake tofauti za kubwa na ndogo. Zilikuwa ngumu kuziandika na rahisi kuzichanganya, na ingawa zilitumiwa na baadhi ya wasomi kwa muda mrefu, mwishowe zilitupwa. Alama za Harriot zilishinda kwa wepesi wake. Mwaka wa 1734 Mfaransa Pierre Bouguer aliziongezea mistari chini ili zimaanishe pia kubwa kuliko au sawa na, na ndogo kuliko au sawa na.

Karatasi zilizosalia zilisahauliwa hadi mwaka wa 1784, mnajimu Franz Xaver von Zach alipozikuta katika kasri la Petworth, miongoni mwa mali za warithi wa Percy. Ndipo dunia ilipoanza kutambua kwamba Mwingereza huyu aliuchora mwezi kabla ya Galileo. Vipimo vyake vya nyota yenye mkia ya mwaka wa 1607, ambayo sasa huitwa ya Halley, vilitumiwa na Mjerumani Friedrich Bessel mwaka wa 1804 kukokotoa njia yake. Zilikuwa zimepita karibu karne mbili.

Kanisa alimozikwa Harriot liliteketea katika moto mkubwa wa London wa mwaka wa 1666. Lilijengwa upya, kisha likabomolewa katika karne ya 18 ili kupisha upanuzi wa Benki Kuu ya Uingereza. Bamba la kumbukumbu yake limo ndani ya benki hiyo, na shimo moja katika upande wa mwezi usioonekana kutoka duniani limepewa jina lake.

Mali bila daftari huisha bila habari, walisema wahenga, na elimu nayo huisha bila mpokezi. Harriot aliandika sana, lakini hakumpa mtu asome. Kanuni ya nuru ikaenda kwa Snell, mwezi ukaenda kwa Galileo, na mpango wa tufe ukaenda kwa Kepler. Kilichobaki na jina lake ni kile marafiki zake walichokiwahi: alama mbili ndogo, ambazo mtoto wa darasa la chini huzichora kwa penseli bila kuhitaji kujua ni nani aliyezitoa.